Jibu: Babu alikuwa manamba Tanga, kwao Kasulu. Naanzia wapi?

Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: babu yako aliletwa mashamba ya mkonge Tanga miaka ya 1950 kama manamba (kibarua wa mkataba aliyetolewa mkoa wa mbali), ameshafariki, na mlichobaki nacho ni jina "Juma" na neno Kasulu, huko Kigoma. Mimi nilikuwa hapohapo ulipo.

Kabla hujakata tiketi ya Kigoma, tafuta jina lake la kwao. Wengi walichukua majina mapya kambini. Ukifika Buha (nchi ya Waha, ndiko Kasulu iliko) ukaulizia Juma, utazungushwa mpaka nauli iishe. Kaa na wazee waliokata mkonge naye, uulize baba yake aliitwa nani, ukoo gani, mto gani ulipita karibu na kwao. Mto hauhami. Vijiji vilihama: Operesheni Kigoma ya 1972, ya serikali, iliwakusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa, kwa hiyo kijiji alichokitaja babu leo huenda ni pori tu.

Ukifika, anza na mwenyekiti wa kijiji (barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa usiisahau) na useme mapema kwamba hukuja kudai shamba. Mimi nilichelewa kulisema hilo, siku mbili nzima nikaangaliwa kama mpima ardhi. Kilichoniokoa ni bibi mmoja aliyenishika kidole gumba, akakigeuzageuza, akacheka: "Hiki cha kwetu." Hapo ndipo majina yakaanza kutoka.

Vitabu vya ubatizo vya parokia sijawahi kuvitumia, babu yangu hakubatizwa. Aliyevipitia atujuze.