Kabla fundi hajatoboa jipsam

Ukipita usiku kwenye mitaa mipya ya Goba, Madale au Kigamboni jijini Dar es Salaam, nyumba nyingi utauona mwanga wake kabla hujaliona paa. Ni mwanga mweupe unaoelekea bluu, taa zimejaa silingi nzima kuanzia baraza hadi chooni. Mwenye nyumba ametumia pesa nyingi, na nyumba yenyewe ni nzuri, lakini ndani watu wamekaa wakikunja macho. Nimesimamia taa za nyumba yangu na za ndugu kadhaa, na kila mara nimekuta jambo lilelile: taa huchaguliwa mwishoni kabisa, fundi jipsam akiwa ameshapanda ngazi anauliza atoboe wapi.

Ninalowaambia wote ni hili: amua kwanza mwanga uangukie wapi, ndipo uende dukani. Sebuleni tunakuja kupumzika baada ya jua na foleni. Pale mwanga unatakiwa uguse kuta, mapazia na silingi yenyewe, kisha uturudie ukiwa umeshalainika. Ukishuka moja kwa moja kutoka juu hadi usoni, unatia kivuli chini ya macho na chini ya kidevu, na mgeni wako anaonekana amechoka hata kama ametoka kulala. Nilipoingia kwenye nyumba za kale za mawe kule Lamu nilivutiwa sana na jambo hili. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko haziwezi kuvuka upana mkubwa, kuta zimepigwa chokaa nyeupe, ukuta wa ndani umejaa zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, na taa moja ndogo iliyowekwa pembeni inatosha chumba kizima kwa sababu ukuta ndio unaofanya kazi ya kuusambaza mwanga.

Sasa twende kwenye boksi la taa. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini, na namba yake huwa imeandikwa ubavuni: 2700K, 3000K, 4000K, 6500K. Namba ikipanda, mwanga unazidi kuelekea weupe wa bluu. Balbu za zamani za waya, zile zilizokuwa zinaunguza vidole, zilikuwa karibu na 2700K. Anga la mchana lenye mawingu ni kama 6500K, na ndiyo hiyo madukani wanaiita delaiti. Kwa sebule, vyumba vya kulala na koridoo, chukua 3000K au chini yake. 4000K ipeleke jikoni. 6500K mimi siiingizi ndani ya nyumba kabisa.

Unaweza kujiuliza kwa nini basi delaiti ndiyo imejaa kila duka. Taa karibu zote za siku hizi ni za LED, na LED nyeupe kwa asili ni kitaa cha bluu kilichofunikwa na unga wa njano unaobadilisha sehemu ya bluu hiyo kuwa rangi nyingine. (LED ya bluu yenyewe ndiyo iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.) Ukitaka mwanga wa manjano, bluu nyingi zaidi lazima ibadilishwe, na katika kubadilishwa huko nguvu kidogo hupotea. Kwa hiyo kwa wati zilezile, ya 6500K inaonekana kali zaidi, na muuzaji anayetaka usifie taa zake atakuwashia hiyo. Nguvu hiyo iliyobaki kwenye bluu ina gharama yake nyumbani: inachelewesha usingizi, na msimu wa mvua inaita kumbikumbi na wadudu wengine kuliko mwanga wa manjano.

Kuna namba ya pili ambayo watu wengi hawaiangalii, nayo ni CRI. Inaeleza taa inaonyesha rangi za vitu kwa usahihi kiasi gani, na ukomo wake ni 100. Taa nyingi za bei ya chini ziko kati ya 70 na 80, na upungufu wao mkubwa uko kwenye rangi nyekundu. Ngozi zetu za kahawia na nyeusi zimebeba wekundu mwingi. Mwanga usiokuwa na wekundu unazifanya za kijivu, kama zimepakwa majivu. Nyanya na kanga nyekundu nazo hupoa rangi. Tafuta CRI 90 au zaidi, hasa kwa taa za juu ya meza ya kulia. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini kwa kuwa utanunua chache, bajeti haitaumia.

Dukani usiamue kitu. Pale Kariakoo unasimama chini ya mamia ya taa zinazowaka mchana kweupe, na macho yanachanganyikiwa. Nunua moja moja za aina mbili au tatu, nenda nazo nyumbani, subiri magharibi iingie. Washa moja, iinue karibu na ukuta, kisha weka kiganja chini yake na utazame ngozi yako. Halafu chukua simu, fungua kamera ya video ya mwendo wa pole na uielekeze kwenye taa. Ukiona mistari inapita au mwanga unapepesa sana, iache. Macho hayatauona mpepeso huo waziwazi, lakini wapo wanaopata maumivu ya kichwa kwa sababu yake.

Kuhusu idadi, hapa ndipo ninapobishana na mafundi. Wingi wa mwanga hupimwa kwa lumeni, na LED ya kawaida hutoa lumeni 80 hadi 100 kwa kila wati. Sebule ya mita 4 kwa 5 yenye kuta nyeupe inatosheka kwa lumeni 2,000 hadi 3,000. Ongeza kidogo kama taa umezificha nyuma ya jipsam, kwa sababu sehemu ya mwanga inaishia humo ndani. Wati 40 kwa jumla zinatosha. Fundi atakupangia taa 12 za kuzamisha, zile zinazoingia kwenye tundu la silingi, za wati 12 kila moja, yaani wati 144. Zikiwaka saa 5 kila jioni, zitakula karibu uniti 22 za umeme wa LUKU kwa mwezi, wakati wati 40 kwa saa hizohizo zinakula uniti 6.

“Dada, ukiweka chache nyumba itaonekana haijaisha,” fundi mmoja aliniambia.

“Fundi, nitolee waya sehemu zote unazotaka, lakini toboa hizi nilizochora tu. Tukiwasha usiku ukaona giza, tunaongeza.”

Tuliwasha, akazunguka chumba kimyakimya, akauliza kama anaweza kupiga picha awaonyeshe wateja wake. Kuhusu waya alikuwa sahihi kabisa na ninamshukuru: kutandaza waya wa ziada kabla jipsam haijafungwa ni gharama ndogo, kuutandaza baadaye ni kubomoa.

Nije kwenye jipsam ya kushuka yenye taa za mkanda zilizofichwa, maana ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mkanda unalala ndani ya ukingo, mwanga unapanda kwenye silingi ya juu na kurudi chini ukiwa umetawanyika. Ili kazi hiyo ifanyike, mwanga unahitaji nafasi. Kati ya ncha ya juu ya ukingo na silingi ya juu ziwe sentimita 10 hadi 15. Fundi akiacha sentimita 4 au 5, utapata mstari mkali pembeni mwa chumba na katikati kutabaki kiza. Ukingo nao uwe na kimo cha kutosha kuficha mkanda hata kwa mtu aliyekaa upande wa pili. Kaa kwenye kochi uhakikishe kabla fundi hajapiga skimu, ule upako wa mwisho wa kulainisha. Silingi ya juu ipakwe rangi nyeupe isiyong'aa. Ikipakwa ya kung'aa, nukta zote za mkanda zitajionyesha juu kama kwenye kioo. Marumaru za kung'aa sakafuni zinafanya hivyohivyo na taa za kuzamisha: unaficha macho yasione taa juu, unazikuta chini ya miguu. Zulia kubwa linasaidia sana hapo.

Mkanda wenyewe uwe wa volti 12 au 24 unaotumia transfoma. Ule wa roli unaochomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa volti 230 ni rahisi, lakini aina nyingi zake hupepesa, na ukifa kipande kimoja kunabaki pengo la giza ukutani. Chagua wenye vitaa vilivyosongamana, 120 kwa mita, au ule uliofunikwa na utando mmoja wa njano usioonyesha nukta. Uulaze juu ya reli ya alumini ili joto lipate pa kwenda. Na transfoma, tafadhali, isifungiwe ndani ya jipsam bila mlango. Mara nyingi yenyewe ndiyo inayokufa kwanza, mkanda ukiwa bado mzima. Acha kijidirisha kidogo, au ipeleke juu ya kabati ambako mkono unafika.

Halafu kuna feni. Nyumba za pwani haziwezi kuishi bila feni ya silingi, na feni ya kawaida ya inchi 56 inazunguka duara la karibu mita 1.4. Taa ya kuzamisha ikiwa juu ya mapanga au karibu nayo, kila panga linapopita linakata mwanga, na chumba kizima kinacheza. Mtoto hawezi kusoma hapo na mtu mzima hawezi kutulia. Chora duara la feni kwanza kwenye ramani ya silingi, kisha zisogeze taa kuelekea kuta, sentimita 60 hadi 80 kutoka ukutani. Huko ndiko ulikotaka mwanga uende tangu mwanzo.

Zipo taa za rangi tatu, ambazo ukizima na kuwasha swichi haraka zinabadilika kutoka nyeupe kwenda manjano. Zinavutia, lakini umeme wetu ukikatika na kurudi ghafla, nao unazibadilisha. Baada ya muda moja inawaka ya bluu katikati ya wenzake wa manjano, na unasimama unapiga swichi kuzipatanisha. Kama unataka kuwa na uchaguzi, nunua zile zenye kijiswichi cha rangi mgongoni, uchague mara moja kabla hujazipandisha juu.

Swichi zitenganishe: mkanda peke yake, taa za kuzamisha peke yake, ya meza ya kulia peke yake. Ukiweka dima, swichi ya kupunguza mwanga, hakikisha taa zimeandikwa kwamba zinakubali dima, la sivyo zitanguruma na kupepesa. Kwa walio karibu na bahari, angalia springi za taa za kuzamisha. Za chuma kilichopakwa rangi tu hushika kutu kwa chumvi ya hewani, na siku moja taa inaning'inia kwa waya.

Mwanga laini usije ukawa giza kwa wazee. Jicho la mtu wa miaka 60 linapokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20. Mama akisoma Msahafu au Biblia kwenye kiti chake, mwekee taa ya kusimama pembeni inayomulika kurasa, badala ya kuiwasha silingi nzima. Jikoni pia usibane: weka taa juu ya meza ya kukatia, mbele yako, kwa sababu taa ya katikati inakutupia kivuli cha mgongo wako mwenyewe penye kisu. Chumbani, juu ya mto pasitobolewe.

Kama umepanga na silingi si yako, bado una la kufanya. Toa balbu ya 6500K, ihifadhi, weka ya 2700K yenye kifuniko kikubwa cheupe kinachotawanya mwanga, na elekeza taa moja ya pembeni ukutani.

Ukishapata taa unazozipenda, nunua mbili za akiba siku hiyohiyo, kutoka boksi lilelile. Mzigo unaofuata unaweza kuwa na jina na namba zilezile lakini manjano yake yakatofautiana, na tofauti hiyo inaonekana sana taa zikiwa zimepangana. Tunza na boksi moja, uandike juu yake tarehe ya kununua na chumba zilipofungwa.