Mota isimame kwanza, ndipo upige

Ndugu, kama kwenye timelapse yako (video inayoundwa kwa picha nyingi) uliyopiga kamera ikisogezwa na mota kwenye reli, majengo yanatoka na kingo zilizovurugika jioni tu ilhali mchana yako safi, lenzi haina kosa. Jioni shata, yaani pazia linaloingiza mwanga kwenye kamera, hukaa wazi muda mrefu zaidi, na mota inasogeza kamera huku ikiwa bado wazi. Kwenye kidhibiti cha mota chagua hali ya kusogea, kusimama, kupiga. Kisha piga hesabu: shata sekunde 2, kusogea 1, mtikisiko kutulia 1, jumla 4; ongeza 1 ya akiba, basi muda kati ya picha na picha usipungue sekunde 5. Video ya sekunde 10 kwa fremu 25 kila sekunde inataka picha 250, yaani karibu dakika 21 za kupiga. Kwenye reli ya sentimita 80, kila hatua ni milimita 3 na ushee. Fokasi weka ya mkono. Na chomeka pawabanki mapema, betri ndiyo huwaangusha wengi.