Mkazo wa Maneno Marefu ya Kiingereza: Maswali Yenu

Nikihesabu irabu ili nijue silabi, napotea. Nifanyeje?

Acha herufi, hesabu irabu zinazosikika. Strength lina herufi 8 na silabi moja tu; area lina herufi 4 na silabi 3. Ulimi wetu umezoea silabi zinazoishia kwa irabu, ndiyo maana hupachika i hapa na u pale. Ukizipachika, neno linazidi urefu wake na msikilizaji anapotea pamoja nawe. Silabi nyingine humezwa: comfortable wengi hulitamka kwa silabi 3.

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Je, Kiingereza hakina kanuni?

Kinazo, na kwa maneno marefu tazama mkia kwanza. Neno likiishia na -tion, -ic au -ity, mkazo huangukia silabi inayotangulia mkia huo: ed-u-CA-tion, ec-o-NOM-ic, e-lec-TRIC-i-ty. Mikia -eer na -ese huuchukua yenyewe: en-gi-NEER, Jap-a-NESE. Lakini -ness, -ful na -ly haiuhamishi. Wapo wakaidi, kama AR-a-bic na POL-i-tics. Hao wakariri tu.

Sasa sema kwa sauti: PHO-to-graph, pho-TOG-ra-pher, pho-to-GRAPH-ic. Shina ni moja, mkazo unakaa mahali patatu tofauti, na irabu zinabadilika nao. Silabi yenye mkazo hurefuka na kusikika wazi. Zisizo na mkazo hufifia. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama, maana Kiswahili hutamka kila irabu kikamilifu. Kwa maoni yangu, kujifunza kufifisha kuna faida kuliko kuhangaikia lafudhi.

Kwa nini record hutamkwa namna mbili?

Nomino ni REC-ord, kitenzi ni re-CORD. Object na present hufuata mtindo huohuo. Answer halifuati: mkazo hubaki mwanzoni.

Nukta zilizo ndani ya neno kwenye kamusi ndizo silabi?

Si lazima. Katika kamusi ya Kimarekani ya Merriam-Webster, nukta hizo huonyesha mahali pa kukata neno mwishoni mwa mstari. Kwa matamshi, tafuta kistari kidogo cha juu: silabi inayokifuata ndiyo yenye mkazo.

Laboratory: mwalimu ananisahihisha, filamu zinampinga.

Wote wako sahihi. Uingereza mkazo uko kwenye silabi ya pili, Marekani uko kwenye ya kwanza. Chagua upande mmoja ubaki nao.