Kwa nini "25000" + 500 inaleta null kwenye FEEL

Kaka, hiyo null (yaani jibu tupu) kwenye hesabu yako ya bei si kosa la injini inayoendesha sheria zako. FEEL, lugha ya hesabu ndani ya DMN (mfumo sanifu wa kuandika sheria za maamuzi kwa kompyuta), haigeuzi maandishi kuwa namba kwa hiari yake. Excel ingekuhurumia ikupe 25500. FEEL inarudisha null, na mara nyingi bila hata onyo, ndiyo maana inachosha. Upande wa pili ni vilevile: "Deni: " + 500 ni null mpaka uandike string(500).

Fomu ya depo yenu pale Kamalondo inatuma bei ya mfuko wa unga kama maandishi, basi igeuze mwenyewe: number("25 000,50", " ", ","). Kwanza kitenganishi cha maelfu, halafu cha desimali, maana huku Lubumbashi tunaandika namba kwa mtindo wa Kifaransa. Chunguza na ile nafasi: kompyuta ya Kifaransa mara nyingi huweka nafasi isiyokatika, si ya kawaida, na number haiitambui.

FEEL inachogeuza yenyewe ni kidogo. Kitu kimoja panapotakiwa orodha kinakuwa orodha ya kimoja, na kinyume chake. Orodha ya viwili haipiti. Matoleo mapya yanageuza pia tarehe isiyo na saa kuwa tarehe na saa, usiku wa manane wa UTC (saa ya kimataifa). Kwetu hiyo ni saa nane usiku, kwa hiyo angalia sheria zako za mwisho wa kulipa.