Kwa mnaoanza injeksheni: msikate sekunde za kushikilia

Kila kundi jipya likiingia kwenye mashine za injeksheni (zinazosukuma plastiki iliyoyeyuka ndani ya moldi, yaani kalibu) hapa Nairobi, hakosi mmoja wa kupunguza muda wa presha ya kushikilia (presha inayoendelea kuibana plastiki moldi ikishajaa) ili saikoli, yaani muda wa kutoa kipande kimoja, ishuke. Kufikia saa tisa usiku vifuniko vya ndoo vina mabonde na hakuna anayejua kwa nini. Vijana wetu, tunawapenda na tunawahitaji, lakini hili lazima likome.

1. Geji haisomi presha ya plastiki. Ikionyesha baa 80 za hidroliki (mafuta yanayosukuma mashine), na uwiano wa mashine, yaani mara ngapi presha hiyo hukuzwa, ukiwa 10 kwa 1, plastiki iliyo mbele ya skrubu (parafujo inayoisukuma ndani ya pipa) iko kwenye baa 800, yaani megapaskali 80. Uwiano huo umo kwenye kitabu cha mashine.

2. Plastiki iliyoyeyuka hubanika. Mnaifikiria kama maji, ambayo karibu hayabaniki, na hapo ndipo kosa linapozaliwa. Chukua gramu 100 za polipropilini. Zikiwa baridi zina ujazo wa sentimita za ujazo 110 hivi. Zikiyeyuka kwa nyuzi 230 bila presha, hufika karibu 135. Zibane kwa megapaskali 80, zinarudi karibu 125. Kwa hiyo presha ya kushikilia inasukuma plastiki zaidi ndani ya moldi ili kufidia kusinyaa kunakokuja.

Sasa wewe unaachia presha kwenye sekunde ya 3, geti (tundu dogo la plastiki kuingilia moldi) likiwa bado laini. Plastiki iliyobanwa inatanuka na kurudi nyuma kupitia geti lile lile. Kifuniko kinapungua uzito, katikati kinabonyea, ukingo haushiki ndoo. Unapandisha presha ya kujaza; moldi inatoa flashi (plastiki inayovuja pembeni), mabonde yapo pale pale. Unapandisha joto la pipa. Plastiki inatanuka zaidi na kusinyaa zaidi. Unalaumu chila, mashine ya kupoza maji ya moldi. Asubuhi kuna magunia ya kusaga upya, na kosa lilikuwa sekunde mbili tu.

Pima hivi. Weka muda wa kushikilia sekunde 1, kisha 2, kisha 3, na kuendelea. Kila unapoongeza sekunde hapo, ipunguze kwenye muda wa kupoza ili saikoli isibadilike, maana ikibadilika joto la moldi nalo linahama na vipimo vinakudanganya. Kila hatua, tupa shoti (mimino) chache za kwanza, kisha pima vipande vitano, bila rana (kijiti cha plastiki kinachobaki kwenye njia ya kuingilia), kwa mizani ya gramu 0.01. Uzito utapanda, kisha utasimama. Pale uliposimama, geti limeganda. Ongeza nusu sekunde, funga hapo, andika kwenye kadi ya moldi. Ukibadilisha presha, joto au aina ya punje za plastiki, rudia.

Kwa nini urudie hata kwa presha peke yake? Kwa sababu presha inahamisha joto la kuganda. Polistirini ambayo kwa kawaida hukakamaa karibu na nyuzi 100, chini ya megapaskali 100 hukakamaa karibu na 130. Na ukiibana polipropilini ya moto ghafla kwa megapaskali 80, joto lake hupanda nyuzi 10 na zaidi kwa kubanwa tu, bila kuhesabu msuguano wa getini.

3. Upitishaji joto. Presha husogeza minyororo ya plastiki karibu, joto likapita vizuri zaidi, lakini ongezeko ni la asilimia tu. Chuma cha moldi bado kinapitisha joto zaidi ya mara mia. Faida kubwa ya presha ni kuigandamiza plastiki ukutani mwa moldi. Ikiachwa mapema inasinyaa na kujitenga na ukuta, hewa inaingia kati yake na ukuta, na hewa ni blanketi. Ndiyo maana kukata muda wa kushikilia kunaweza hata kurefusha kupoa! Unene ndio mbaya zaidi: ukuta wa milimita 4 hupoa kwa muda mara nne ya ule wa milimita 2.

4. Kushoni, yaani plastiki inayobaki mbele ya skrubu, isifike sufuri. Skrubu ikigonga mwisho, presha haifiki moldini hata geji iseme nini.

5. Kabla ya kurudisha pipa nyuma, rudisha skrubu kidogo ili kuachia presha, na usiinamie nozeli (mdomo wa pipa) kamwe. Plastiki iliyobanwa hutoka ikiruka, na inashika ngozi.

6. Maji ya moldi yasipite nyuzi 85 kwenye tangi la wazi. Nairobi yanachemka kabla ya 96, na pampu ikivuta mapovu moldi inapata madoa ya joto. Ukihitaji zaidi, tumia mafuta au mfumo uliofungwa wenye presha.