Kundi la WhatsApp la kozi ya wanafunzi 300: namna ya kulifanya lifundishe

Mleta uzi, umeuliza ufanyeje kundi la kozi lenye wanafunzi zaidi ya 300 liwe la masomo, lisiwe la salamu na "CR, kipindi kipo?" (CR ni mwakilishi wa darasa). Usianze kwa kuwalaumu vijana. Matangazo, maswali na soga umeviweka chungu kimoja. Anayewasha data saa 2 usiku akakuta jumbe 180 hazisomi. Anauliza upya kilichojibiwa asubuhi.

WhatsApp ibaki ya matangazo tu. Kwenye mipangilio ya kundi, ruhusu wasimamizi pekee kutuma: wewe, msaidizi wako na CR. Mjadala uhamie Telegram. WhatsApp inaanika namba ya kila mtu, na mabinti ndio wanaosumbuliwa usiku na watu wasiowajua. Telegram mwanafunzi akiingia kwenye faragha anaweza kuficha namba, likabaki jina. Washa pia historia ionekane kwa wanachama wapya, ili aliyechelewa kuripoti asome ya nyuma. Kisha washa mada, moja kwa kila sura. Usizigawe kwa wiki: UE (mtihani wa mwisho wa muhula) ikikaribia, hakuna anayekumbuka uchakavu, yaani kushuka kwa thamani ya mali kadiri inavyotumika, ulifundishwa wiki ya ngapi.

Faida kubwa iko kwenye maswali mafupi. Baada ya kila mhadhara weka matatu: fungua kura, chagua hali ya chemshabongo, weka alama kwenye jibu sahihi, na ujaze sehemu ya maelezo. Majibu yasiyo sahihi yatokane na makosa ambayo wanafunzi huyafanya kweli. Mfano wa uhasibu: "Kampuni imeandika uchakavu wa gari wa shilingi milioni 4. Ingizo hilo limepunguza fedha taslimu kwa kiasi gani?" Jibu ni sifuri, lakini wengi hukimbilia milioni 4 kwa sababu wanaona gharama na kudhani pesa imetoka. Nusu ya darasa wakiangukia hapo, mhadhara unaofuata uanzie hapo, dakika 10. Acha kura ziwe za siri, na usizipe alama za coursework (kazi za muhula). Ukizipa, majibu yatazunguka kwenye makundi ya pembeni na hutajua tena ni wangapi hawaelewi.

Swali likiulizwa, usilirukie. Wape wenzake mpaka kesho yake wajibu, kisha wewe uthibitishe au usahihishe. Hatua hii ya mwisho usiiruke hata siku moja, maana jibu baya lililoachwa bila kuguswa utalikuta kwenye karatasi za mtihani. Tangaza saa zako za kujibu, tuseme Jumatatu na Alhamisi saa 2 hadi 3 usiku. Anayekufuata inbox mjibu kundini bila kumtaja.

Bando nalo lifikirie. Sauti ya dakika 3 haifiki MB 1, ilhali video ya mhadhara wa saa nzima hula mamia ya MB. Kwa hiyo rekodi sauti fupi, dhana moja kwa kila sauti, pamoja na slaidi za PDF. Kurasa zilizopigwa picha zipitishe kwenye programu ya kuskani, nyeusi na nyeupe, faili lisizidi MB 5. Milinganyo itume kama dokumenti, kwa kuwa WhatsApp hubana picha na vipeo vidogo havisomeki. Faili liitwe "Sura 4 Uchakavu", si "scan0023".

Matokeo yenye majina au namba za usajili usiyatume kundini kabisa. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, ni kumdhalilisha kijana mbele ya wenzake.

Kazi na tarehe za mwisho zikae Moodle (mfumo wa kozi mtandaoni), maana app hizi nazo huweza kuzimika. WhatsApp ilizimika takribani saa 6 tarehe 4 Oktoba 2021, na Kenya Telegram ilibanwa Novemba 2024 wakati wa mitihani ya KCSE (ya kumaliza sekondari). Wasio na simu janja waulize wiki ya kwanza, kwa faragha, kisha CR abandike kila tangazo ubaoni siku hiyo hiyo.