Maswali ya Wasomaji: Land Rover ya Babu Iliyolala Bandani

SWALI: Kamwene Mhariri. Babu yetu alikuwa dereva katika mashamba ya chai ya Mufindi, na alipostaafu aliuziwa Land Rover 109 ya petroli, toleo la Series IIA. Aliiendesha hadi mwaka 1991, akaiegesha bandani, na tangu hapo haijawashwa. Babu alishafariki, na ukoo umekubaliana kwamba gari lisiuzwe bali lifufuliwe. Fundi mmoja wa hapa mjini ametushauri tulivute kwa trekta ili injini iachie, kisha tufunge injini ya dizeli ya Toyota, tukwangue rangi yote na kupiga mpya inayong'aa. Baba mdogo amelipenda wazo hilo kwa sababu anataka gari liwe tayari kwa mkutano wa ukoo mwezi Desemba. Mimi nahofia tutabaki na gari zuri ambalo si la babu tena. Tuanzie wapi?
*Mjukuu, Mafinga*

JIBU: Ndugu msomaji, hofu yako ina msingi, na ombi langu la kwanza ni kwamba trekta lisiguse gari hilo. Injini iliyokaa zaidi ya miaka thelathini bila kuzungushwa mara nyingi huwa na ringi za pistoni zilizoshikana na kuta za silinda kwa kutu, hasa katika hali ya hewa ya Mufindi, ambako ukungu huingia hadi ndani ya banda. Ukilivuta gari likiwa kwenye gia, nguvu yote ya trekta inaishia kwenye ringi hizo, nazo ni za chuma kisichokubali kupinda. Zitakatika na kuchana silinda, na kazi ambayo ingemalizwa kwa oili kidogo na subira itageuka kuwa kazi ya kukereza silinda na kutafuta pistoni kubwa zaidi.

Njia ya salama ni ya polepole. Fungueni plagi zote nne, mimineni katika kila silinda oili nyepesi iliyochanganywa na dizeli, mwache injini inywe kwa siku kadhaa huku mkiongeza kila inapokauka. Land Rover za wakati ule zilikuja na hendeli, na kama ya babu bado imo nyuma ya viti, hicho ndicho chombo chenu. Plagi zikiwa nje na gia ikiwa huru, izungusheni taratibu kwa mkono, mbele kidogo na nyuma kidogo, bila kuipandia kwa mguu. Mkono unahisi ukinzani mapema kuliko stata, na unajua pa kusimama. Injini ikishazunguka, mwageni oili ya zamani yote, kwa sababu maji yaliyotokana na unyevu hukaa chini ya karta, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, nayo yakisukumwa kwenye beringi siku ya kwanza yatafanya uharibifu ambao miaka yote ya kulala haikuufanya.

Kabla ya hayo yote, hata kabla ya kulifagia gari, pigeni picha za kila upande, ndani na nje, chini na juu, na nyaya zote zinakopita. Angalieni chini ya viti na kwenye rafu ya dashibodi, kwa maana madereva wa zamani walihifadhi huko karatasi za huduma, spana na funguo za akiba. Tafuteni kadi ya gari, mlinganishe namba ya chasisi iliyoandikwa humo na ile iliyogongwa kwenye chuma cha chasisi upande wa mbele, karibu na mshikio wa springi. Namba hiyo ndiyo utambulisho wa gari mbele ya TRA, mamlaka ya mapato, na ni sababu mojawapo ya kuitengeneza chasisi ya babu badala ya kuibadilisha nzima.

Sasa nije kwenye jambo kubwa, yaani nini kibadilishwe na nini kiachwe. Msimamo wangu ni kwamba katika breki, matairi, usukani na mafuta, uasili hauna haki yoyote. Breki za gari hilo ni za ngoma kwenye magurudumu yote manne, na mfumo wake ni wa njia moja, kwa hiyo bomba moja likipasuka pedali inazama na gari zima linakosa breki za mguu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na kwa miaka hiyo yote yamekuwa yakila masta silinda na silinda za magurudumu kutoka ndani. Badilisheni mipira yote, hozi zote na mabomba ya chuma, hata yale yanayoonekana mazima. Brekishuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, vumbi lake ni hatari kwa mapafu, kwa hiyo fundi asilipulize kwa kompresa bali alilowanishe kwa maji na kulifuta kwa kitambaa kitakachotupwa. Matairi nayo yatupwe bila kujali kashata zake zimebaki kiasi gani, kwa kuwa mpira hukauka na kupasuka ndani kwa umri tu. Anayejua mteremko wa Kitonga hahitaji kuelezwa zaidi.

Mfumo wa mafuta unahitaji uangalifu wa aina nyingine. Petroli iliyoachwa tangini imegeuka kuwa gundi yenye harufu kali, na mkiwasha injini kwa tangi hilo mtaijaza kabureta takataka. Shusheni tangi lisafishwe, na kwa majaribio ya kwanza tumieni dumu dogo lenye petroli safi. Pampu ya mafuta ya injini hiyo ni ya kimakanika, ina kikombe cha kioo cha kunasia uchafu. Badilisheni kiwambo chake cha mpira lakini kikombe kitunzwe. Kumbukeni pia kwamba injini ilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi, ambayo ilikoma kuuzwa katika nchi karibu zote za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Risasi ile ilikuwa ikilinda viti vya vali za moshi. Kwa safari chache za ukoo hamna haja ya kufungua hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, kwa sababu hiyo peke yake, lakini pimeni nafasi ya vali mara kwa mara, ambayo kwa injini hiyo ni milimita 0.25. Nafasi ikizidi kupungua kila mnapopima, vali zinazama, na hapo ndipo viti vigumu viwekwe.

Katika umeme, fundi asiunganishe betri kabla ya kuhakikisha ni upande gani umefungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ile yalifungwa positivi kwenye bodi, kinyume cha yaliyozoeleka leo.

Kuhusu rangi ninasema kwa mkazo zaidi, kwa sababu hapo ndipo magari mengi ya zamani ya nyanda hizi yamepotezewa historia kwa nia njema. Land Rover ilipoanza kutengenezwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na bodi zikatengenezwa kwa aloi ya alumini, utaratibu ulioendelea hata kwenye Series IIA, iliyotoka mwaka 1961 hadi 1971. Alumini haishiki kutu nyekundu, kwa hiyo rangi iliyochakaa juu yake si dalili ya ugonjwa. Mikwaruzo na mashimo madogo ya mawe chini ya milango ya gari la babu huenda ni ya wakati ambapo barabara ya kutoka Iringa kuja Mbeya ilikuwa bado ya udongo, kabla ya lami ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na maandishi ya shamba la chai, kama bado yanaonekana mlangoni, yakishakwanguliwa hakuna fundi wa kuyarudisha. Osheni gari kwa maji ya kawaida na sabuni laini, bila mashine ya presha, kisha jaribuni kung'arisha sehemu ndogo iliyojificha kwa polishi isiyo na mchanga. Mtashangaa ni rangi kiasi gani bado ipo chini ya vumbi na ukavu. Zile pembe za mabati zilizopita juu ya kingo za bodi ya nyuma, pamoja na bampa, zilitoka kiwandani zikiwa na rangi ya zinki ya kijivu, nazo zisipakwe wala zisitiwe kromu.

Kutu halisi itafuteni kwenye chuma: boriti ya nyuma ya chasisi, mikono inayoshika bodi pembeni, na sehemu ya kuwekea miguu kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Gongeni kwa nyundo ndogo na msikilize, kwa kuwa chuma kizima kinalia na kilichooza kinatoa sauti nzito isiyo na mwangwi. Ondoeni udongo mkavu uliojazana ndani ya chasisi, maana ndio unaotunza unyevu. Palipooza pakatwe hadi kwenye chuma kizima na kuchomelewa kipande cha unene uleule, na mkatae kabisa puti au bati jembamba la kufunikia. Pale alumini inapogusana na chuma mtakuta unga mweupe. Safisheni, kisha wekeni kipande cha mpira au rangi ya kuzuia kutu kati yake kabla ya kufunga bolti.

Injini ya Toyota sishauri. Ukiacha suala la uasili, dizeli yenye nguvu zaidi inapeleka mzigo mkubwa kwenye giaboksi na kwenye shafti za magurudumu ya nyuma, ambazo katika gari hili zinajulikana kwa kukatika, na kubadilisha injini kunalazimu kurekebisha taarifa kwenye kadi ya gari. Kama injini ya babu itathibitika kuwa imepasuka na haitengenezeki, basi tafuteni nyingine ya aina hiyohiyo, na ile ya kwanza ipakeni grisi mwihifadhi. Kipimo changu katika kila uamuzi wa namna hii ni kuuliza kama mjukuu wa baadaye akitaka kurudisha gari lilivyokuwa ataweza. Kukata mshikio wa injini ili Toyota ienee kunamfungia mlango huo.

Kwa baba mdogo, mpelekee jambo hili kwa heshima yake na mpe nafasi. Yeye ndiye aliyepanda gari hilo akiwa kijana, na anajua mbonyeo upi ulitokana na nini na kiti kipi kilikuwa cha bibi. Andikeni anayoyasema pembeni ya zile picha. Desemba mnaweza kuwa na gari linalowaka kwa injini yake na kutembea uani mbele ya wazee, likiwa na rangi yake, na hilo litawafurahisha. Kulipeleka barabarani kusubiri breki zikamilike, hata kama ni mwaka unaofuata.

SWALI: Nina Peugeot 404 ya marehemu baba, imekaa Uyole kwa muda mrefu. Injini inazunguka kwa mkono bila shida, lakini fundi anataka kufungua silinda hedi ili aone ndani. Nimruhusu?
*Msomaji, Mbeya*

JIBU: Usimruhusu kwa sasa. Silinda za 404 ni mikono, yaani mirija ya chuma inayochomoka, imezungukwa na maji, na kinachoibana mahali pake ni hedi yenyewe. Ukiiondoa hedi na mtu akazungusha injini, mikono inainuka, gasketi za chini zinaachia, na maji yanashukia kwenye oili. Mwambie apime kwanza mgandamizo wa kila silinda kwa geji. Asishtuke akipata namba ndogo kuliko za kitabu, kwa maana Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na geji itasoma pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano. Kinachotakiwa ni silinda nne kukaribiana. Zikikaribiana, hedi ibaki. Ikibidi kufunguliwa, fundi abane mikono hiyo kwa vibano kabla ya kitu chochote kuzungushwa.

Tofauti na Land Rover, 404 haina chasisi iliyojitenga, bodi yake ndiyo mifupa yake, kwa hiyo kutu ya sakafuni na chini ya milango ipewe kipaumbele juu ya injini. Hili ni gari lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo, na wazee wengi wa Mbeya watalitambua likipita. Linastahili fundi asiye na haraka.

SWALI: Nasafiri kwa mwaka mmoja na gari langu la zamani litabaki Njombe. Je, nilifunike kwa turubai la plastiki?
*Msomaji, Njombe*

JIBU: Hapana. Plastiki inafungia unyevu na kulifanya gari litoe jasho kila jua linapotoka. Tumia shuka nzito la pamba, chini ya paa. Badilisha oili kabla ya kulisimamisha, jaza tangi hadi juu ili hewa yenye unyevu isipate nafasi, toa betri, na liweke juu ya stendi ili matairi yasibebe uzito. Kwenye rejeta weka maji yenye dawa ya kuzuia kuganda, kwa sababu ya baridi kali ya Juni na Julai na pia kwa sababu dawa hiyo huzuia kutu ndani ya injini. Ziba bomba la moshi na njia ya hewa kwa wavu wa waya ili panya wasijenge humo, kisha funga kwenye usukani karatasi inayotaja kila kilichozibwa, ili atakayeliwasha aviondoe kwanza.